Kura ya "ndiyo" sio hela, tuache kuililia Greenlight

Jana usiku imejirudia. Saa tano na nusu, grupu letu la WhatsApp la watengeneza gemu, dogo mmoja katuma voisi ya dakika nne, anataka kufungua duka la gemu za Afrika Mashariki ambalo wachezaji wenyewe watapiga kura gemu ipi iuzwe na ipi ibaki nje, "tusije tukajaa takataka kama Steam ya saivi, zamani si walikuwa wanapiga kura, walivoitoa ndo mambo yakaharibika". Emoji za moto zikamiminika. Kwa asiyejua, Steam ni duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na hizo kura za zamani ndo Greenlight yenyewe, wachezaji walikuwa wanabofya ndiyo au hapana kwa gemu zinazoomba kuingia dukani. Hii hadithi naisikia kila tukikutana tangu 2017, nimeijibu kwa upole mpaka nimechoka, kwahiyo leo naiandika hapa yote, mtu akiniuliza tena namtumia linki nalala zangu.

Dogo nakukubali sana, ila umeishika miguu juu kichwa chini.

Kabla ya Greenlight, kuingiza gemu Steam ilikuwa kama kuomba kazi sehemu ambayo huna mjomba. Unatuma gemu yako Valve, kampuni yenye Steam, kuna watu wachache huko ndani wanaiangalia, unajibiwa au hujibiwi, na ukikataliwa sababu huambiwi. Foleni ikawazidi wakaona mzigo huu bora tuwape wachezaji. Ikafunguliwa 30 Agosti 2012, na 11 Septemba gemu 10 za kwanza zikapita. Hapo katikati, siku chache tu za mwanzo, watu walishapandisha utani na feki za kila aina, hadi za kubuni za Half-Life 3, gemu iliyokuwa inasubiriwa sana, zilikuwemo, ndo ikaja ada ya dola 100, developa, yani mtengeneza gemu, analipa mara moja, hela inaenda kwa shirika la hisani la Child's Play. Kwa hela yetu ya kipindi kile ni laki moja na nusu na ushee. Sasa nyie mnaosema wachezaji ndo walizuia uchafu, hebu angalieni hapo vizuri, kitu cha kwanza kabisa kuzuia uchafu ilikuwa ni ada. Kura zilikuwepo tangu siku ya kwanza na uchafu ukapanda vilevile.

Na mafuriko hayakuanza kura zilipotolewa. Agosti 2013 zilipitishwa gemu 100 kwa mpigo mmoja. Mwaka 2016, Greenlight ikiwa hai, watu wanabofya kila siku, Steam iliingiza zaidi ya gemu 4,000. Sio zote zilipita kwenye kura, wenye pablisha, kampuni ya kuwasambazia gemu, walikuwa na mlango wao wa pembeni, lakini ukiniambia chujio lilikuwa linafanya kazi ntakuuliza chujio gani hilo linapitisha mpaka makapi. Ikafungwa 6 Juni 2017, wiki moja baadae Steam Direct ikaanza, hii haina kura, ni dola 100 kwa kila gemu, unarudishiwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Basi, historia imeisha.

Sasa tuje kwenye kinachonikera kwelikweli.

Swali lililokuwa kwenye kila ukurasa wa Greenlight, kwa Kiswahili chetu, lilikuwa hivi: gemu hii ingekuwepo Steam, ungeinunua? Chini yake kuna kitufe cha ndiyo na kitufe cha hapana asante. Soma tena hilo swali taratibu. U-NGE-inunua. Hiyo nge imekaa hapo katikati kimya na mkia wake juu, na imeng'ata watu wengi kuliko nge wote wa Dodoma. Mtu hajaulizwa gemu ni nzuri au mbaya, maana hajaicheza, anaangalia trela na picha nne. Hajaulizwa ana hela. Hajaambiwa bei. Ameulizwa kuhusu maisha mengine ambayo gemu ipo na yeye ana muda na mshahara umetoka, na kwenye hayo maisha sisi wote ni wakarimu sana.

Aliyewahi kuwa mhazini wa kamati ya harusi ananielewa hapa bila maelezo. Kikao cha kwanza watu wanaahidi, fulani laki mbili, fulani laki, shangazi kasema keki yote juu yake, daftari linajaa ukiangalia jumla unaona tutakodi ukumbi wenye viyoyozi. Afu wiki mbili kabla unaanza kupiga simu. Mmoja yuko kwenye kikao, mwingine kasafiri, shangazi namba yake haipatikani. Kura ya ndiyo ni lile daftari la ahadi. Na simlaumu aliyeahidi, siku ile alikuwa anamaanisha, tatizo ni yule mhazini aliyeenda kulipia ukumbi kwa kutumia daftari.

Mimi nilikuwa huyo mhazini. 2014 tulikuwa watatu, tumetengeneza gemu ya konda wa daladala, mimi nilikata trela na nikasimamia ukurasa. Tulipita! Usiku ule nilimpigia simu mama, hakuelewa nini kimepita ila alifurahi. Tukatulia tukasema soko lipo, watu wamesema wenyewe, tukaongeza miezi sita ya kazi juu ya zile kura. Gemu ikatoka, wiki ya kwanza hatukuuza nakala mia.

Nilivokaa chini kutafuta kosa nikagundua kura zetu zimetoka wapi. Sehemu kubwa ni sisi wenyewe tuliwaleta, ndugu, niliosoma nao, marafiki wa marafiki, watu waliofungua akaunti ya Steam siku hiyohiyo kwa ajili ya kutusaidia na ambao wengine hata kompyuta hawana, walipigia kura kwenye simu kwa bando la jero. Wengine ni wazungu waliofurahia ile rangi na vumbi la kwenye trela, wakaandika komenti nzuri sana, ila gemu za aina ile hawachezi. Kosa lilikuwa letu asilimia mia, hakuna aliyetudanganya. (Baadae, 2015, akaunti ambayo haijatumia walau dola 5 kwenye duka ikazuiwa kupiga kura. Kwa sisi ilikuwa imechelewa, na kwa kweli ingetuokoa na aibu.) Kwahiyo kura ilikuwa inapima kitu, ndio, ilikuwa inapima uwezo wako wa kuburuta watu mpaka kwenye ukurasa. Hiyo ni kazi, inaitwa promo, sio dhambi, lakini usiniambie ni ubora wa gemu. Waliojua hilo mapema waligawa funguo za bure (kodi za kufungulia gemu bila kuinunua) za gemu zao za zamani ili tu wapate kura za gemu mpya.

Na ukiwa unachagua kwa trela unapata gemu zenye trela nzuri, basi. Kwenye zile 10 za kwanza kulikuwa na Routine, ya kutisha, iko kwenye kituo cha mwezini, ukiiona tu unabofya ndiyo na mimi ningebofya. Imekuja kutoka Desemba 2025. Miaka kumi na tatu! Aliyepiga kura akiwa fomu foo saivi ana watoto. Towns nayo ilikuwemo humohumo, ikauzwa ikiwa haijakamilika, 2014 ikaachwa njiani. Hakuna mpiga kura angeweza kulijua hilo, sio kwamba ni wajinga, kitu hicho hakionekani kwenye picha. Timu itamaliza au haitamaliza? Ndo swali la maana kuliko yote kwenye gemu za indi, hizi za timu ndogo zinazojitegemea, na kura haina pa kulishikia.

Harakaharaka niseme na hili la "wachezaji ndo walikuwa wanaamua". Hapana. Valve ndo walikuwa wanachagua nani apite, kura ilikuwa kigezo kimojawapo, na hakukuwa na namba maalum kwamba ukifika hapa umeingia. Desemba 2014 gemu inaitwa Hatred, ya mauaji matupu, Valve waliitoa Greenlight kisha ikarudishwa muda mfupi tu na bosi wa Valve, Gabe Newell mwenyewe, akamuomba radhi developa. Ikatolewa na mwenye duka, ikarudishwa na mwenye duka. Mwenye funguo ni mmoja tu, hata ukimpa kila mteja karatasi ya kura.

Haya, sasa niseme na yanayonisumbua mimi, maana nikiishia hapo ntakuwa nadanganya.

Zile 10 za kwanza nilizozisema vibaya zilikuwa pia na Project Zomboid na Kenshi. Black Mesa pia ilikuwemo. Hizo ni gemu ambazo watu wanazicheza mpaka leo, na nina shaka kama mtu wa ofisini 2012 angeitazama Kenshi, na ule muonekano wake, akasema hii itauza. Stardew Valley ilipita Greenlight 2013, jamaa mmoja peke yake anatengeneza, ikatoka 2016, ikavuma dunia nzima. Papers, Please, gemu ya kugonga mihuri ya pasipoti kwenye kibanda cha mpakani, mimi hapo juu nimesema kura zinapenda trela nzuri, sasa hiyo trela yake ina nini? Rangi ya tope na karatasi. Na ilipita chap. Valve wenyewe walisema zaidi ya gemu 100 za Greenlight ziliingiza walau dola milioni moja kila moja, na kura zilizopigwa kwa jumla ni zaidi ya milioni 90. Kwahiyo umati haukuwa kipofu. Nadhani, nasema nadhani, kura iliona vizuri juu kabisa, zile ambazo watu walikuwa wanazililia tayari, ikapotea kabisa katikati ambako sisi wengi tunaishi. Ila sina namna ya kuthibitisha, na kuna siku najiuliza labda gemu yetu ilikuwa ya kawaida tu na natafuta wa kumlaumu.

Lingine, wishlisti, ile orodha ya Steam ambayo mtu anaweka gemu anazozitamani. Tunawaambia madevelopa wapya kusanya wishlisti, kusanya wishlisti, kana kwamba hiyo ni kitu tofauti sana na kura. Tofauti ipo, mtu akikuweka kwenye wishlisti anapata imeili siku gemu inatoka na siku inashuka bei, yani ahadi ina mtu wa kuikumbusha, mhazini kapewa namba ya shangazi inayopatikana. Lakini bado ni ahadi. Nimeona watu wanahesabu wishlisti kama mimi nilivyohesabu kura na moyo unaniuma. Kipimo ninachokiamini zaidi ni mtu kutoa hela kabla. Wale jamaa wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, kabla gemu yao ya Aurion haijaingia Steam 2016 walipita Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela za mradi kabla haujakamilika, wakavuka lengo la euro 40,000. Aliyechangia pale aliandika namba ya kadi, hakuna nge hapo.

Sasa dogo na duka lake. Nilimuuliza inbox una gemu ngapi mpaka saivi, akasema kumi na moja. Kumi na moja! Unataka chujio la nini, huna hata maji. Kitu anachotakiwa kutengeneza kwanza ni njia ya mtu wa Mbeya kulipia gemu ya buku tatu kwa simu bila kuhangaika na kadi, hapo ndo zile kura zangu za 2014 zilipofia, binamu zangu wengine walitaka kununua kweli na walishindwa kulipa.

Asubuhi kanijibu: "broo basi kila kura iwe mia tano." Nimekaa na hilo jibu tangu chai. Sio baya. Mtu akitoa mia tano angalau kaingiza mkono mfukoni. Afu nikakumbuka yale mashindano ya kura za SMS, yule mshiriki aliyekuwa na mjomba mwenye yadi ya magari.