Amepona ajali, lakini tabia imegeuka: maswali na majibu

Kaka yangu aliumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda. Vidonda vimepona, lakini yule mpole wa zamani sasa anafoka, anatukana, anatapanya pesa. Nyumbani wanasema amelogwa. Ana nini?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba ubongo wake haujapona. Yale tunayoyaita hulka ya mtu, kama subira, haya na kupanga mambo, yanategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo breki. Hasira huchochewa na sehemu za ndani zaidi, na kila mmoja wetu anazo. Breki ikiumia, neno ambalo zamani angelimeza linamtoka.

Hilo limejulikanaje?

Kisa mashuhuri ni cha Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka, na mtaimbo wa chuma wenye kilo 6 hivi na urefu wa zaidi ya mita 1 ukamwingia chini ya shavu la kushoto, ukatokea juu ya kichwa. Hakufa. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walimwona si Gage tena: mtu makini alikuwa amegeuka mwenye matusi, asiyesimamia mpango wowote.

Kuna kipande cha kisa hiki ambacho husahaulika, nacho ndicho ningependa familia yako ikishike. Baadaye Gage alifanya kazi miaka kadhaa nchini Chile, akiendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kazi inayotaka ratiba na uangalifu. Yaelekea alirudi kujimudu kwa kiasi kikubwa. Alifariki mwaka 1860, baada ya kupata kifafa.

Kwa hiyo akitupiga tumwache tu, kwa kuwa ni ubongo?

Hapana. Ubongo wenyewe hufinyangwa na malezi na mazoea, hata baada ya kuumia. Mwekeeni mipaka, ila msiichukulie kila tusi kuwa ni dharau.

Tumsaidieje?

Mrudisheni hospitali, na aende na mtu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mara nyingi hayaoni mabadiliko yake mwenyewe. Mwelezeni daktari alivyokuwa na alivyo sasa. Nyumbani, siku zake ziwe na ratiba ileile. Mpeni maelekezo mafupi, moja baada ya jingine. Alale vya kutosha, asiguse pombe. Pesa zishikwe na mtu anayemwamini. Akiwaka, msibishane naye, ongeeni akishatulia. Kumfunga kamba hakutibu chochote, kunamwongezea hofu.

Ni dalili zipi za kukimbilia hospitali mara moja mtu akigonga kichwa?

Kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mkono au mguu kukosa nguvu, au maji na damu kutoka puani na masikioni. Baadhi hujitokeza saa kadhaa baadaye, kwa hiyo asilale peke yake usiku ule.

Kofia ngumu inasaidia kweli?

Sana. Uchambuzi wa tafiti nyingi za ajali za pikipiki ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Abiria naye anaihitaji kama dereva. Na mkanda ufungwe chini ya kidevu, maana kofia iliyolegea inaweza kuchomoka kabla kichwa hakijafika kwenye lami.