Mzazi, ukienda shuleni usiende na shida ya mwanao peke yake

Mi nafanya kazi ya saikolojia ya watoto wa umri wa shule, na wazazi wanaonijia wengi wanakuja na hadithi inayofanana, mtoto kila asubuhi tumbo linamuuma, usiku halali, shule ameanza kuichukia, sasa wanataka nimtibu. Namchunguza vizuri, na mara nyingi mtoto mwenyewe hana ugonjwa wowote, ila darasa limejaa mpaka mwalimu hamjui jina, mapumziko yamekatwa ili wafanye mazoezi ya mtihani, choo hakina mlango kwa hiyo anabana mkojo toka asubuhi mpaka arudi nyumbani. Hapo kumpa mtoto mbinu za kutuliza stresi halafu nimrudishe palepale naona ni kumuonea. Inayotakiwa kubadilika ni shule, na shule ya umma ni yetu wote, wazazi tuna haki ya kuisemea.

Kuna watu wanasema hayo ya usingizi na kucheza ni anasa, kwanza masomo. Jamani, haviachani hivyo vitu. Chukua usingizi tu. Mtoto akibalehe saa ya mwili wake inasogea mbele, usingizi unamjia usiku sana na asubuhi ubongo bado umelala, sio uvivu huo. Ndo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Lakini tamko la madaktari peke yake halibadilishi kengele ya shule. Kule California shirikisho la wazazi na walimu la jimbo lilikuwa kati ya waliobeba muswada wa sheria, 2018 gavana akaukataa, wakarudi tena, 2019 gavana mwingine akausaini, na toka 2022 sekondari nyingi za juu za umma kule hazianzi kabla ya saa 2:30. Mzazi mmoja mmoja akiomba mwanae aruhusiwe kuchelewa angepata ruhusa ya wiki moja, basi.

Na hilo ndo jambo ninalotaka sana wazazi walishike. Ukienda ofisini ukasema "mwanangu anaonewa darasani" utajibiwa kuhusu mwanao, pengine watamhamisha darasa, na wale wengine wanabaki na shida ileile. Ukienda na wenzako mkasema darasa hili lina watoto 70 na mwalimu mmoja, hilo linakuwa swali la bajeti, na swali la bajeti lina mtu mwenye mamlaka ya kulijibu. Tena kwenye idadi ya wanafunzi mna ushahidi mzuri wa kushika mkononi, jimbo la Tennessee lilianza jaribio mwaka 1985, watoto wakagawanywa kwa bahati nasibu, madarasa madogo ya watoto 13 mpaka 17 na ya kawaida ya 22 mpaka 25, kuanzia chekechea mpaka darasa la 3, na wale wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi kusoma na hesabu, na faida kubwa zaidi ilionekana kwa watoto wa jamii zilizoachwa nyuma.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kule Pennsylvania. Watoto wao walikuwa wanakataliwa shule za umma na sheria ya jimbo ilikuwa inaruhusu, yaani mtoto anaambiwa hafundishiki, rudi nyumbani. Chama cha wazazi hao kikafungua kesi 1971, jimbo likakubali mbele ya mahakama kuwasomesha, na mwaka 1975 ikaja sheria ya nchi nzima ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu. Mzazi mwenye hela angeweza kutafuta mwalimu wa kumfundisha mwanae nyumbani na akanyamaza, na simlaumu mtu anayemhamisha mtoto anayeteseka, ila naumia nikiona kila mzazi mwenye sauti anaondoka na shule inabaki na wale ambao hakuna anayewasikiliza.

Kuhusu namna ya kufanya, mwalimu wa darasa msimfanye adui, mara nyingi yeye ndo anaumia na msongamano kuliko nyie, muulizeni kwanza anahitaji nini. Malalamiko ya kwenye grupu la WhatsApp yanaishia humohumo, andikeni barua, iwe na tarehe, iwe na namba mlizohesabu wenyewe, vyoo vingapi vinafanya kazi, madawati mangapi, mapumziko dakika ngapi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na kabla hamjaandika waulizeni watoto. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989 unasema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, na kwa uzoefu wangu wanajua vitu ambavyo kamati nzima haivijui, kona gani wanaogopa kupita, mwalimu gani anawapiga. Mkishaipeleka ombeni tarehe ya kujibiwa kabisa, na tarehe ikipita kimya, barua ileile ipelekeni kwenye ofisi ya elimu iliyo juu ya shule, mkiambatanisha ile nakala yenye muhuri.