Pawa saplai zilizounganishwa: inayolia si lazima iwe ndiyo mbovu

Ndani ya kabati kulikuwa na pawa saplai (vifaa vinavyogeuza umeme wa ukutani kuwa DC, yaani mkondo wa moja kwa moja) tatu za volti 24, kila moja ya ampea 20, zimeunganishwa sambamba kulisha mzigo wa ampea 30. Hesabu yake ni nzuri: moja ikifa, mbili zinazobaki zina uwezo wa ampea 40. Lakini ya katikati ilikuwa ikiwasha taa nyekundu ya kuzidiwa mzigo mara kwa mara. Fundi aliyetangulia aliing'oa akaweka mpya. Mpya nayo ikawasha nyekundu.

Nilipoitwa, nilipitisha mita ya klampu inayosoma DC kwenye waya wa kila moja. Ya katikati: ampea 20. Ya kulia: 10. Ya kushoto: sifuri, na taa yake ya kijani imetulia tuli.

Hakuna iliyokuwa imeharibika. Pawa saplai zikiwa sambamba, yenye volti za juu kidogo ndiyo inayobeba mzigo wote mpaka ifike kikomo chake. Hapo volti zinashuka na inayofuata inaanza kusaidia. Ya kushoto ilikuwa imerekebishwa chini ya wenzake, basi haikupata nafasi ya kutoa hata ampea moja. Nilizitenganisha, nikazungusha skrubu ya volti ya kila moja mpaka zote tatu zikalingana, nikahakikisha waya zake zina urefu na unene sawa. Zikagawana, karibu ampea 10 kila moja. Kama pawa saplai yako ina swichi ya kufanya kazi sambamba, iwashe: inafanya volti zishuke kidogo kadiri mzigo unavyopanda, na mgawanyo unajisawazisha wenyewe.

Taa ya kijani nayo inahitaji uangalifu. Kwenye mifumo hii kila pawa saplai hutoa umeme wake kupitia dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu), ili moja ikipiga shoti ndani isivute nyingine chini. Dayodi hiyo ni ya lazima, ila inaficha mambo. Ukipima baada yake, unapima njia ya pamoja, na njia ya pamoja itakuwa na volti 24 hata kama moja imekufa tangu wiki iliyopita. Kengele ya hitilafu lazima ipime kabla ya dayodi. Mimi hukagua hili kwa kuzima moja makusudi, pale tu ninapojua zilizobaki zinaubeba mzigo, nione kama kengele inalia kweli.

Rilei ya kengele (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iwe imevutwa wakati mambo ni mazuri, iachie hitilafu ikitokea. Hivyo hata waya ukikatika au umeme ukipotea kabisa, kengele inalia. Lakini ukifunga kontakti za rilei zote kwa mfululizo, utapata taarifa kwamba kuna tatizo bila kujua ni la nani. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe cha kufuta, piga picha ya taa zote kwa simu. Ukishafuta, ushahidi umekwenda.

Picha hiyo ina thamani kubwa zaidi volti zinapozidi. Moja ikipoteza udhibiti na kusukuma volti juu, zinazopima kwenye njia ya pamoja zote zinaziona volti zilezile, na kwenye mfumo uliopangwa vibaya zote zinajizima kwa pamoja. Uliopangwa vizuri huzima ile tu inayotoa mkondo wakati volti ziko juu, kwa sababu zile nzima huwa zimeshaacha kutoa. Ukikuta zote zimezimika, usiziwashe kwa pamoja. Zitenganishe na mzigo, washa moja moja, pima volti kabla ya kuwasha nyingine.

Na tafadhali, usifungue kasha la pawa saplai mara tu baada ya kuchomoa. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita za ndani (vihifadhi vya chaji) huweza kubaki na volti 325 au hata zaidi. Subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha pima mwenyewe kabla ya kuingiza kidole.