Samaki Huyu Ni Nani, na Anaweza Kuishi na Nani?

Ofisi za uvuvi zinazidi kupokea picha za samaki wa mapambo kwa simu, zikiambatana na swali hilohilo: huyu ni nani, na nimchanganye na samaki wepi? Wengi wamenunuliwa mjini kwa jina la "samaki wa rangi kutoka Kigoma", basi. Tunawashukuru wanaouliza kabla ya kumwingiza mgeni tangini. Mambo ya chujio, klorini na joto la maji naamini kila mfugaji anayafahamu, siyarudii.

Anza na pua. Siklidi, ambao ndio wengi katika samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wana tundu moja la pua kila upande. Samaki wengi wengine wana mawili. Kisha tazama mstari wa pembeni mwilini: kwa siklidi umekatika vipande viwili, cha mbele kikiwa juu na cha nyuma chini. Mwenye sharubu na mwiba mgumu mgongoni huenda ni wa jamii ya gogogo. Mwenye sharubu asiye na mwiba huo, pezi la mgongoni likienda karibu hadi mkiani, ni kambare, naye huweza kupita urefu wa mita moja.

Rangi iache mwisho. Tropheus duboisi, siklidi wa Ziwa Tanganyika, akiwa mchanga ni mweusi mwenye madoa meupe. Akikomaa madoa hufutika, kichwa huwa cha buluu na mwilini hubaki mkanda mweupe au wa njano. Ni samaki yuleyule. Furu, siklidi wadogo wa Ziwa Victoria, nao vilevile: dume hung'aa, jike lake ni la kijivu tu. Ndiyo maana jina lililotolewa na programu ya simu kwa picha moja hatulipokei kama uthibitisho, hata mwenye picha akisisitiza mara tatu.

Mdomo ndio utakaokueleza kuhusu majirani. Tropheus hukwangua mwani kwenye mawe na utumbo wake ni mrefu. Akilishwa nyama, tumbo huvimba na mara nyingi hufa, kwa hiyo kumweka na walaji nyama ni kumtesa kwa chakula cha wenzake. Perissodus microlepis ana mdomo uliopinda kushoto au kulia, na chakula chake ni magamba anayoyanyofoa kwa samaki walio hai. Huyo hana mwenza wa tangi. Kuhe, siklidi mkubwa kuliko wote wa Ziwa Tanganyika, huweza kufikia sentimita 80, ilhali wapo siklidi wa ziwa hilohilo wasiozidi sentimita 5 wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Kutoka ziwa moja si kibali cha kukaa pamoja. Na naomba hili lieleweke: samaki hakui "kulingana na tangi". Anayedumaa kwenye tangi dogo anaumwa.

Maji nayo yana kauli. Ziwa Tanganyika lina pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inayokaribia 9; si maji ya asidi. Neoni, samaki wadogo wa mapambo wa Amazon, wamezoea maji laini yenye asidi kidogo, kwa hiyo hawafai kuwekwa pamoja. Isitoshe, pH ikiwa juu, amonia ya kinyesi huwa sumu kali zaidi.

Ukihitaji utambuzi, leta picha ya ubavu mzima, rula ikiwa pembeni, na nyingine ya mdomo ukiwa karibu. Andika mahali alipovuliwa, maana Tropheus wa pwani moja hutofautiana na wa pwani ya pili. Aliyekufa mgandishe mara moja. Kipande cha pezi kwa kipimo cha vinasaba kihifadhiwe kwenye ethanoli, kamwe si formalini. Jibu la picha ni la awali, halitumiki kama cheti.

Kuingiza au kutoa nchini Tanzania samaki hai, au kuwahamisha kutoka maji mamoja hadi mengine, kunahitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi kabla ya safari, chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Risiti ya duka si kibali. Kosa linaweza kuleta faini, kifungo au vyote viwili, pamoja na kutaifishwa kwa samaki na vifaa. Eneo la maji la Hifadhi ya Mahale, linaloingia Ziwa Tanganyika kilomita 1.6, ni sehemu ya hifadhi, kwa hiyo usichukue samaki humo.

Asiyeelewana na wenzake asimwagwe mtoni wala kwenye mtaro, hata kwa huruma. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka. Mrudishe kwa muuzaji, au mpe mfugaji mwenye tangi linalomfaa. Ikibidi auawe, daktari wa mifugo atakuelekeza kipimo cha mafuta ya karafuu. Kisha mfukie mbali na maji.