Nusu doti kwenye begi la mwanafunzi

Kazi yangu ni kubuni vitu vya kuliwaza, na wateja wangu wengi hapa Mombasa ni wazazi ambao mtoto wao anakaribia kwenda kusoma India, Malaysia, Uturuki au Uingereza. Mara nyingi huja wakitaka fremu ya picha ya familia, au zile taa za intaneti ambazo ukiigusa yako huku, ya mwenzako huwaka kule. Sizitengenezi. Picha anazo tele kwenye simu. Na mama akiigusa taa saa tatu za usiku hapa, Kuala Lumpur ni saa nane za usiku na mtoto ana mtihani asubuhi.

Upweke wa ugenini huanzia mwilini. Kijana aliyelelewa katika nyumba iliyojaa watu anakaa siku nzima bila kuguswa na mtu. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Harry Harlow wa Marekani alieleza majaribio yake ya vitoto vya nyani waliotengwa na mama zao. Waliwekewa mama wawili wa bandia, mmoja wa waya, mwingine wa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, walinyonya kisha wakarudi kumng'ang'ania wa kitambaa. Majaribio yale yalikuwa ya kikatili, lakini somo lake nalitumia kila siku: naanza na ngozi, halafu pua.

Pua ina njia yake. Habari za macho na masikio hupita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho thalamasi. Harufu haipiti huko. Huenda moja kwa moja kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu akinusa udi hujikuta yuko kwao kabla hajajua kwa nini.

Basi natumia leso, yaani khanga. Inauzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, kwa hiyo mgawanyo uko tayari. Namtuma mama Mtaa wa Biashara achague ile ambayo angeivaa yeye mwenyewe nyumbani, wala si ya kuonyesha watu. Azivae zote mbili, azifue mpaka wanga utoke na kitambaa kilainike. Moja inabaki naye, moja inasafiri. Usiku wa kuamkia safari inafukizwa udi juu ya chetezo, inakunjwa na kutiwa kwenye mkebe unaokaza. Mkebe ni lazima, kwa sababu pua huzoea harufu kwa dakika chache tu. Leso ikilala kitandani mchana kutwa, usiku hatainusa tena.

"Fundi, nitilie na asumini," wengi huniomba. Asumini mbichi itaoza njiani, na forodha za nchi kama Australia ni kali sana kwa maua na mbegu. Naweka tone moja la mafuta ya asumini kwenye pindo, basi.

Huko bwenini hawezi kuchoma udi. Ving'amuzi vya moshi vitaliamsha jengo zima. Kwa hiyo nashona mfuko wa pamba mtupu, hauna hata uzito wa kusumbua zile kilo 23 za mzigo. Akifika ananunua mchele, anaujaza, anashona mdomo. Jioni anaupasha kwenye maikrowevu, nusu dakika nusu dakika, bila kuondoka pale, kisha anauzungushia leso na kuupakata. Joto hufanya harufu iinuke kwenye nyuzi, na uzito wa mchele unatulia mapajani kama mtoto mchanga aliyelala.

Kitu cha pili ninachokitia ni vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, na siku zote ni sita. Wazazi hulalamika kwamba mtoto yuko peke yake, sita vya nini? Ndiyo hoja yenyewe. Leso peke yake inaweza kumfungia chumbani, nami sitaki hilo hata kidogo. Kahawa tungu yenye tangawizi kwenye chupa ya chai, na vikombe vitano visivyo na mtu, vinamsukuma agonge mlango wa jirani.

Udi ukififia kwenye leso, mtafuteni msafiri. Ile ya mama ifukizwe iende, ile ya mtoto irudi na msafiri mwingine ikiwa haijafuliwa. Mama naye ana pua.