Richthofen hakuwa rubani wa Luftwaffe

Juzi nilikuwa nasikiliza simulizi ya Kiswahili kuhusu Manfred von Richthofen, yule Mjerumani wa ndege nyekundu. Msimulizi alikuwa amejiandaa. Alizijua ndege 80 alizoziangusha, na alijua kwamba aliuawa tarehe 21 Aprili 1918 karibu na mto Somme, Ufaransa, zikiwa zimebaki siku 11 atimize miaka 26. Halafu akamwita "nyota wa Luftwaffe". Nimeshalisikia kosa hilo mara nyingi mno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Luftwaffe ni jeshi la anga la Ujerumani, lile lililotangazwa rasmi mwaka 1935 chini ya Hermann Göring, msaidizi mkuu wa Hitler, na kuvunjwa baada ya kushindwa vita vya pili vya dunia. Jina hilohilo linatumiwa na jeshi la anga la Ujerumani ya leo tangu 1956. Richthofen alikuwa kaburini miaka 17 kabla ya hilo la kwanza kutangazwa.

Yeye alirukia wapi basi? Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, marubani wa jeshi la nchi kavu waliitwa Fliegertruppe, kikosi cha waruka na ndege. Oktoba 1916 kikapangwa upya na kuitwa Luftstreitkräfte. Wanamaji walikuwa na ndege zao na zepelini zao, yale maputo makubwa ya gesi yenye injini, mbali kabisa na hao. Zepelini L 59, iliyopaa kutoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki, risasi na dawa, ilikuwa mali ya wanamaji. Haikukusudiwa kurudi: ikishafika, kitambaa cha ganda lake kingekatwa kiwe mahema na nguo. Ikaitwa irudi ikiwa imekaribia Khartoum, na ikatua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 hewani, siku ileile Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nayo imeshaitwa "ndege ya Luftwaffe" mbele yangu.

Kuna na hili la maana ya jina, ambalo linanikera zaidi. Husemwa kwamba Luftwaffe ni "silaha ya angani", jina la vitisho alilolibuni Hitler. Luft ni hewa au anga, sawa. Waffe ni silaha, sawa pia. Lakini katika lugha ya kijeshi ya Kijerumani, Waffe ni vilevile tawi la jeshi. Kwa hiyo Luftwaffe ni tawi la anga tu, jina kavu la ofisini. Mjerumani akizungumzia jeshi la anga la Uingereza husema "die britische Luftwaffe" bila kumtukana mtu. Waswisi nao, kwa Kijerumani chao, wanaliita la kwao Luftwaffe. Ukipima kwa maneno, lile la zamani, Luftstreitkräfte, ndilo kali zaidi: Streit ni ugomvi, Kräfte ni nguvu. Na hilo halikufa na utawala wa Kaizari, mfalme wa Wajerumani wa vita vya kwanza. Ujerumani Mashariki ililirudisha, na jeshi lake la anga likaitwa Luftstreitkräfte hadi nchi ilipoungana 1990.

Naelewa mkanganyiko unakotoka, maana Wajerumani wenyewe waliupalilia. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa amani baada ya vita vya kwanza, uliwakataza kabisa kuwa na ndege za kijeshi, na Göring alipokuja kuunda jeshi jipya alitaka lionekane mrithi wa lile lililovunjwa. Yeye mwenyewe alikuwa kamanda wa mwisho wa kikosi cha Richthofen mwaka 1918. Kikosi kimoja cha Luftwaffe kikapewa jina la Richthofen, na mwaka 1961 Luftwaffe ya sasa nayo ikakipa kikosi chake jina hilo. Kamanda wa kwanza wa kikosi hicho cha pili alikuwa Erich Hartmann, aliyehesabiwa ndege 352 katika vita vya pili. Huyo kweli alikuwa wa Luftwaffe, tena zote mbili.

Ukiwa na picha mbele yako, anza na mkia. Ndege ya 1917 ina msalaba mweusi wenye ncha zilizopanuka, mkiani na mbawani. Ya 1940 ina msalaba wa mistari iliyonyooka, na mkiani swastika, nembo ya Wanazi. Ya leo imerudia msalaba wa ncha pana, lakini mkiani ina bendera ndogo ya nyeusi, nyekundu na dhahabu.

Kwa hiyo, ndugu msimulizi, simulizi yako nimeipenda na nitaisikiliza tena. Ukifika kwa Richthofen, sema rubani wa Luftstreitkräfte. Na kama neno hilo linakwama ulimini, sema rubani wa jeshi la anga la Kaizari. Tutakuelewa.