Teki ya Jumanne, teki ya Jumamosi

Msanii akishavua hedifoni huniuliza, "Prodyuza, teki ipi kali?", yaani kati ya mara zote alizoimba wimbo uleule nikimrekodi. Namjibu hakuna. Ubeti wa kwanza nautoa kwenye teki ya tatu, mstari wa mwisho kwenye ya kwanza, alipokuwa bado na nguvu. Kushona huko ndiko kunakonilipia kodi hapa Chang'ombe ya Dodoma.

Teki za siku moja hazinisumbui. Nakata kabla tu msanii hajavuta pumzi, au kwenye "k" na "t", kisha nafifisha ya kwanza huku ya pili ikiingia; milisekunde 10 hivi zinatosha. Ukikata katikati ya irabu ndefu, hata mtoto atasikia. Na pumzi usizifute zote, mwimbaji si roboti.

Balaa ni kuunga siku mbili. Maiki ikisogea shubiri moja, sauti si ileile. Upepo wa Dodoma nao ukianza mwezi wa saba, vumbi linakausha koo na bati linalia. Ndiyo maana nabandika plasta sakafuni mahali pa miguu na kupiga picha vitufe vyote. Hakikisha pia sesheni zote zina kiwango kimoja cha sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kompyuta inapima sauti: rekodi ya 48,000 ikisomwa kama ya 44,100 inapungua mwendo na kushuka karibu nusutoni moja na nusu (nusutoni ni hatua ya kutoka kibao kimoja cha piano hadi kinachofuata).

Mwaka jana mzee mmoja wa Chamwino alirekodi zeze Jumanne, akarudi Jumamosi kumalizia. Nikaunga, sikio likakataa. Zeze la Jumamosi lilikuwa limepanda kidogo. Nikakimbilia programu ya kunyoosha noti, na hapo ndipo nilipoharibu. Programu ile inajua ngazi ya piano tu, hatua 12 zilizo sawa. Muziki wa Kigogo hufuata sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi unaotetema, na ya saba kati ya hizo iko chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo kwa senti 31, karibu theluthi ya nusutoni. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa: "Huyu si mimi."

Nikafuta. Nikamwekea teki ya Jumanne masikioni, akalegeza nyuzi mwenyewe mpaka sauti zikakutana, tukarudia kipande kile. Leo mshono naujua mimi tu, tena kwa sababu ya jogoo wa jirani. Jumanne hakuwika.